«Mbeya hakuna njaa»: dhana inayowaumiza watoto wa mjini

Wiki haipiti kliniki bila mzazi, na wakati mwingine kiongozi wa mtaa, kuniambia kwamba Mbeya hakuna njaa, kwa kuwa Soko la Soweto limejaa viazi vya Uporoto, ndizi za Tukuyu na mchele wa Kyela. Soko limejaa kweli, lakini chakula kile kinamngoja mwenye fedha, na kikimkosa hapa hupakiwa kwenye malori kumfuata Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kununua gunia la mahindi mwezi wa Julai, bei ikiwa chini. Hununua sembe kwa kilo, mafuta ya kupimiwa na mkaa wa kopo, na akijumlisha vipimo hivyo mwisho wa mwezi hukuta amelipa zaidi ya jirani aliyenunua kwa jumla. Bei zikipanda kabla ya mavuno mapya, kinachopunguzwa kwanza ni dagaa, maharage na mayai, huku ugali ukibaki palepale. Familia hiyo itaapa kwamba haijalala njaa, na itakuwa inasema kweli, ilhali mtoto wake anadumaa, yaani anabaki mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe bora.

Asiyeniamini aitazame Iringa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, na kwa Iringa, mkoa unaosifika kwa mahindi, takribani asilimia 57. Takwimu hiyo ni ya mkoa mzima, mjini na vijijini, nami naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba hata shamba kubwa peke yake halimkuzi mtoto.

Wapo pia wanaosema ufupi ni wa ukoo. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wa nchi sita, zikiwamo Ghana, India na Norway, na waliolishwa na kutunzwa vizuri walikua kwa urefu unaokaribiana sana.

Wengine huidharau dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, lakini si chakula cha kimaskini. Sembe nyeupe ndiyo iliyoondolewa kiini na pumba zenye virutubisho.

Mama anayenunua maharage yaliyokwisha kuchemshwa naye huitwa mvivu, jambo linalonikera, maana maharage makavu hukaa jikoni kwa saa kadhaa na mkaa hununuliwa. Mwenye nafasi ya kupika ayaloweke usiku kucha na kuyamwaga maji yake. Ushauri huu nautoa kila siku na sitauacha.

Kwa hiyo siku hizi simuulizi mzazi analima nini. Namuuliza mtoto alikula nini jana, na kilinunuliwa kwa kipimo gani.