Mtoto mchanga ana kumbukumbu

"Huyo bado mdogo, hakumbuki kitu." Kauli hii tumeizoea mno, na inaonekana kuwa kweli kwa sababu kumbukumbu ya kwanza ya watu wengi ni ya umri wa miaka mitatu au minne. Lakini kusahau leo hakuthibitishi kwamba wakati ule hakuna kilichohifadhiwa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Carolyn Rovee-Collier, alifunga utepe kwenye mguu wa mtoto mchanga na kuuunganisha na vinyago vilivyoning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha teke, vinyago vinacheza. Watoto wa miezi mitatu waliukumbuka mchezo huo kwa siku kadhaa. Wa miezi sita, hadi wiki mbili hivi. Wakiviona tena vinyago vilevile, walianza mateke.

Tatizo ni kudumu. Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeasisi tiba ya uchambuzi wa nafsi, aliamini kwamba tunazikandamiza kumbukumbu hizo, dhana ambayo sioni ushahidi wa kuibeba. Penye uzito zaidi ni hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza matukio. Utotoni huzalisha seli mpya kwa wingi, na mwaka 2014 watafiti wa Toronto walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikijipenyeza katika mtandao uliopo, huvuruga kilichokwishahifadhiwa.

Kusimulia yaliyopita nako kuna nafasi yake katika kuzidumisha kumbukumbu. Nchini New Zealand, Wamaori, wenyeji wa asili ambao utamaduni wao huyathamini sana yaliyopita, wameonekana kukumbuka matukio ya umri mdogo zaidi kuliko wenzao wenye asili ya Ulaya.