Akropolisi sio ngome tu jamani

Wanafunzi wanaokuja hapa makumbusho wanatuuliza sana, akropolisi kwa Kiswahili ni nini, na wengi wanakuja na jibu lao kabisa: ngome. Mnakaribia ila bado.

Neno ni la Kigiriki. Akros ni kitu cha juu, cha nchani, ndo hiyohiyo iliyomo kwenye akrobati, yule anayetembea kwa ncha za vidole, na polis ni mji (mjukuu wake tunakutana naye kila siku barabarani, anaitwa polisi). Kwahiyo ni mji wa juu, pale mlimani watu wa bondeni walipokuwa wanakimbilia adui akija, na Ugiriki zilikuwa nyingi tu, Korintho wanayo, Lindos kule Rhodes wanayo, ila ya Athens ndo imebeba jina lote.

Sasa Fort Jesus ya Mombasa ni ngome, Wareno walianza kuijenga 1593, iko pale baharini, kazi yake askari na mizinga basi. Ile ya Athens iko juu ya mwamba, kama mita 150 kutoka usawa wa bahari, na Waajemi walipoichoma 480 KK, Pericles, kiongozi wa Athens, na wenzake baadae wakajaza mahekalu pale juu, Parthenon yenyewe, lile hekalu kubwa la Athena, ilianza 447 KK, yaani pakawa pa kuabudu zaidi kuliko pa kupigania. Mambo ya vita yalirudi Waturuki walipogeuza Parthenon stoo ya baruti, 1687 kombora la Wavenisi likatua humohumo, paa likaruka.

Boma nalo lina ukuta ila halina kilima, siku hizi mtu akisikia boma anawaza ng'ombe au ofisi ya Mjerumani.

Mi nachagua husuni. Ni Kiarabu, maana yake ngome, lakini nenda Kilwa Kisiwani ukaione Husuni Kubwa: imekaa juu ya jabali inaangalia bahari, na ndani ni kasri la sultani la karne ya 14, mpaka bwawa la pembe nane limo. Jina la ngome, maisha ya juu. Kwenye mtihani andika ngome ya kilimani, utapona.

Gereza nimeliacha makusudi, japo hapohapo Kilwa ngome ya ufukweni inaitwa hivyo, maana ukiandika gereza la Athens watu watauliza wafungwa wangapi.