Hapana, Newtown Hawakuibiwa: Dhana Potofu Kuhusu Msimu wa Sydney wa 1955

Nafundisha marefa wa raga, na sehemu moja ya kozi ni historia ya sheria. Tukifika ligi ya raga ya Sydney, Australia, mwaka 1955, kabla sijamaliza kuandika ubaoni mtu ameshatoa hukumu: "Mwalimu, hawa Newtown waliibiwa." Kila kundi, bila kukosa. Safari hii nimeamua kuandika, anayetaka kubishana abishane na karatasi.

Dhana: Klabu ya Newtown ilimaliza kileleni mwa msimamo, kwa hiyo wao ndio mabingwa halali, na wapinzani wao South Sydney, waliotwaa ubingwa, walibahatika tu.

Najua inakotoka. Sisi tumelelewa na mpira wa miguu. Nairobi au Dar, timu iliyo juu ya msimamo siku ya mwisho inanyanyua kombe, na wengine wanasubiri msimu ujao. Basi mtu akiona jedwali la 1955, Newtown juu kabisa, halafu akisoma kwamba ubingwa ulikwenda kwa South Sydney, anaanza kunusa hila.

Hila hakuna. Ligi ya Sydney ilikuwa na klabu kumi, kila moja ikikutana na mwenzake mara mbili, jumla mechi 18. Hizo mechi 18 zilikuwa na kazi mbili: kupata timu nne za mchujo, na kuzipanga. Wa kwanza alicheza na wa pili, wa tatu na wa nne. Aliyeshinda ile ya wakubwa aliingia fainali kuu moja kwa moja. Aliyeshindwa hakutolewa, alipewa nafasi nyingine dhidi ya mshindi wa ile ya wadogo. Kwa hiyo tuzo ya kumaliza juu ilikuwepo, tena nono: ungeweza kuteleza mara moja na bado ukaifikia fainali. Wa tatu na wa nne hawakuwa na anasa hiyo. Wao walipaswa kushinda mechi tatu mfululizo, na kosa moja tu lingewarudisha nyumbani. Sasa niambie nani hapo aliyependelewa.

Kuna kitu kingine ambacho wanafunzi wangu hawakijui, na ndicho hasa kinachoufanya mwaka huo uwe na ladha. Kabla ya 1954 kinara wa msimamo alikuwa na haki ya changamoto. Akishindwa katika mchujo, aliweza kumdai mshindi mechi moja zaidi, na hiyo ndiyo iliyoamua ubingwa. Mwaka 1954 haki hiyo ikafutwa, na fainali kuu ikawa ya lazima kila msimu. Nani aliongoza msimamo mwaka ule wa kwanza? Newtown. Wakafungwa na South Sydney 23–15 kwenye fainali kuu. Mwaka uliofuata wakaongoza tena, wakakutana na South Sydney wale wale, wakafungwa 12–11. Pointi moja! Ukitaka kuwahurumia, wahurumie kwa hilo: sheria ilibadilika na wao ndio waliokuwa wa kwanza kuonja makali yake, mara mbili mfululizo. Lakini kuhurumiwa si kuibiwa. Sheria ilijulikana kabla ya filimbi ya kwanza ya msimu, na mwaka 1955 hata mgeni haikuwa tena.

Na hiyo "bahati" ya South Sydney? Walianza msimu vibaya mno, hilo ni kweli. Walipoteza mechi nyingi kiasi kwamba katikati ya msimu hesabu ilibaki moja tu: kushinda kila kilichobaki. Wakashinda. Mechi 11 mfululizo, ukijumlisha zile tatu za mchujo, na kupoteza yoyote kati ya hizo kungewamaliza. Sydney mpaka leo wanauita muujiza wa 1955, na hapo mimi nina ugomvi hata na wao. Timu hii, chini ya nahodha aliyekuwa pia kocha, Jack Rayner, ilikuwa imeshachukua ubingwa wa 1950, 1951, 1953 na 1954. Mwaka 1952 walifika fainali wakafungwa na Western Suburbs 22–12. Watu wa aina hiyo wakishinda mechi 11, muujiza uko wapi? Cha ajabu ni jinsi walivyoanza, si jinsi walivyomaliza.

Ushauri wangu, ambao narudia mpaka wanafunzi wananung'unika: soma kanuni za mashindano ya mwaka husika kabla hujafungua jedwali. Jedwali bila kanuni ni tarakimu tu, na refa anayetoa hukumu kwa tarakimu asizojua maana yake, mimi simpi cheti.

Dhana: Clive Churchill alipiga mkwaju wa ushindi wa fainali ya 1955 akiwa amevunjika mkono.

Mkono ulivunjika kweli, na mkwaju aliupiga kweli. Fainali ndiyo siyo. Ilikuwa mechi ya kawaida ya msimu dhidi ya Manly, klabu nyingine ya ligi hiyo, mojawapo ya zile za kufa au kupona. Churchill, fulbeki (mlinzi wa mwisho nyuma) wa South Sydney aliyepewa jina la Bwana Mdogo kwa umbo lake na ufundi wake, aliumia mapema na akaendelea kucheza, mkono umefungwa na majalada ya daftari. South Sydney walisawazisha 7–7 kwa trai (kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ya dakika za mwisho, na yeye akapiga mkwaju wa nyongeza unaofuata trai kutoka pembeni mwa uwanja. Ikawa 9–7. Msimu wake uliishia hapo. Fainali kuu hakuicheza. Nadhani mkanganyiko unachochewa na nishani yenye jina lake, ambayo tangu 1986 hupewa mchezaji bora wa fainali kuu. (Na tafadhali, refa yeyote wa leo anayemwacha mchezaji aliyevunjika mkono aendelee kucheza anastahili kunyang'anywa filimbi. Tusiisimulie hadithi hii kama mfano wa kuigwa.)

Dhana: Kila timu ilikuwa na mikabo sita (mara sita za mwenye mpira kukamatwa), kisha inatoa mpira.

Mikabo haikuwa na kikomo mwaka 1955. Timu iliweza kukaa na mpira hadi ikosee, ivunje sheria au iporwe. Mchezaji aliyekabwa aliinuka, akauweka mpira chini na kuurudisha kwa mguu, na mpinzani aliyekuwa mbele yake aliruhusiwa kuugombea. Kikomo cha mikabo minne kilikuja 1967, sita mwaka 1971. Kwa hiyo acheni kuangalia filamu za zamani na kumlaumu refa kwamba hajui kuhesabu. Pointi pia zilikuwa tofauti: trai ilikuwa na thamani ya 3 hadi 1983 ilipopandishwa kuwa 4.

Dhana: Ni raga ile ile ya Safari Sevens, wachezaji ndio wameongezeka.

Sivyo. Sevens ni tawi la raga ya yunioni, ambayo kikosi chake kamili ni watu 15. Hii ni raga ya ligi, watu 13, iliyozaliwa kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895 klabu zilipojitenga kwa sababu ya kulipa wachezaji fidia ya siku walizokosa kazini. Sydney ilianza ligi yake 1908.

Dhana: Basi, kama walijitenga kwa ajili ya pesa, hawa wa 1955 walikuwa wakiishi kwa raga.

Rayner alikuwa askari polisi. Mchezo ulilipa, lakini haukutosha kuacha kazi, na mazoezi yalikuwa jioni watu wakishatoka kibaruani.

Dhana: Ulikuwa ubingwa wa Australia.

Wa jiji moja. Brisbane walikuwa na ligi yao, Newcastle yao. Tena hadi 1959 mchezaji wa Sydney alitakiwa kuishi katika eneo la klabu yake, na Newtown na Redfern, nyumbani kwa South Sydney, ni mitaa iliyo karibu sana. Fainali ya 1955 ilikuwa ya majirani. Klabu za nje ya jiji, Canberra na Illawarra, ziliingia 1982. Newtown wenyewe waliondolewa baada ya msimu wa 1983, ubingwa wao wa mwisho ukiwa ni ule wa 1943.