Swichi Ikishalehemiwa, Imeshika? Dhana Potofu Kuhusu Swichi na Vidhibiti Kwenye Bodi

Vifaa vingi vya kujitengenezea nyumbani haviuliwi na IC (chipu) wala kapasita. Vinaharibika pale vinapoguswa na mkono: swichi inacheza, kitufe kinabonyezwa hakiitiki, kidhibiti sauti kinakwaruza. Mara nyingi chanzo ni imani hizi.

Dhana: Swichi ikilehemiwa vizuri, imeshika.

Hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote. Kazi ya lehemu ni kupitisha umeme. Nguvu za mkono si zake. Shaba ya bodi ya saketi ya kawaida ina unene wa milimita 0.035 hivi, nayo imegandishwa tu juu ya ubao. Kwenye bodi ya upande mmoja hakuna shaba ndani ya tundu, kwa hiyo mguu wa swichi hauna kingine cha kushikilia isipokuwa kile kiduara chembamba cha shaba kinachozunguka tundu. Swichi ya kijiti inapogeuzwa, kijiti kinafanya kazi ya wenzo na miguu ndiyo inayovutwa. Siku moja kiduara kinabanduka pamoja na njia yake ya shaba. Bodi yenye matundu yaliyopakwa shaba ndani huvumilia zaidi, lakini nayo ina mwisho wake.

Nguvu ya mkono ipeleke kwenye kasha. Ile shingo yenye nyuzi za skrubu haikuwekwa kwa urembo: ipitishe kwenye paneli, uikaze kwa nati na washa (pete bapa ya chini ya nati). Potenshiometa (vidhibiti vya kuzungusha, kama cha sauti) nyingi zina pia kijino kidogo kando ya shingo, na watu hukivunja kwa sababu kinazuia paneli isikae sawa. Usikivunje. Toboa kitundu chake, kwa kuwa ndicho kinachozuia mwili wote usizunguke pale mtu anapokaza kinobu hadi mwisho. Kikivunjwa na nati ikalegea, miguu mitatu myembamba ndiyo itakayobeba msokoto huo.

Mpangilio wa kazi nao una uzito wake. Wengi hulehemu kwanza, kisha wanalazimisha paneli iingie. Nati inapokazwa inauvuta mwili wa swichi, na viungo vya lehemu vinabaki vimekazika hadi vipasuke polepole. Geuza mpangilio huo: chomeka swichi na potenshiometa zote kwenye bodi bila kulehemu, funga paneli, kaza nati, hakikisha bodi imetulia bila kujikunja, ndipo ushike chuma cha kulehemu.

Dhana: Kitufe chenye miguu minne unaweza kukiweka vyovyote.

Kile kitufe kidogo cha milimita 6 kwa 6 kina miguu minne lakini swichi moja tu. Miguu imeunganishwa jozi jozi kwa ndani, na kubonyeza ndiko kunakounganisha jozi moja na nyingine. Ukikigeuza robo mzunguko, unaweza kujikuta umeunganisha waya zako kwenye jozi moja, na saketi itaona kitufe kimebonyezwa muda wote. Pima kwa multimita. Au tumia miguu miwili ya kona zinazokabiliana kimshazari: hiyo siku zote ni ya jozi tofauti.

Dhana: Swichi ya ampia nyingi ndiyo bora kwa kila kazi.

Si kweli, kwa sababu mbili. Swichi za umeme mkubwa kwa kawaida zina migusano ya fedha, na uchafu unaojijenga juu yake huhitaji mkondo wa kutosha ili upenywe. Ukipitisha ishara ya chini ya miliampia moja, swichi inaweza kuanza kukata kata. Migusano iliyopakwa dhahabu ndiyo inayofaa hapo. Pili, namba ya volti 250 za mkondo geu (AC) iliyoandikwa kwenye swichi haihamii kwenye mkondo mnyoofu (DC). Umeme wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu hautoi nafasi hiyo. Tafuta namba ya swichi iliyotolewa kwa mkondo mnyoofu wenyewe.

Na umeme wa ukutani usiupitishe kabisa kwenye bodi ya mistari ya shaba yenye matundu kwa nafasi za milimita 2.54. Swichi yake iwe kwenye paneli, na waya zenye ganda zuri.

Dhana: Kubonyeza mara moja ni mara moja.

Migusano hudundadunda kwa milisekunde kadhaa, na maikrokontrola (chipu ndogo inayoendesha programu) huhesabu kila mdundo. Programu isubiri milisekunde 20 hivi kabla ya kuamini. Pini ya maikrokontrola inayosoma kitufe nayo isiachwe ikielea, yaani bila volti maalumu: iwekee rezista ya kuivuta juu kwenye volti ya chanya, au uwashe ile ya ndani ya maikrokontrola.

Dhana: Ukimaliza, osha bodi yote kwa spiriti.

Spiriti huyeyusha flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika) na kuibeba hadi ndani ya kitufe kisichozibwa. Ikikauka, inaacha utando usiopitisha umeme juu ya migusano. Osha bodi kabla ya kuweka vitufe na potenshiometa, iache ikauke, kisha uvilehemu mwisho. Flaksi itakayobaki kwenye miguu yao ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, upande wa lehemu ukiwa umeelekea chini.