Huruma ya nesi na ramani ya wodi

Dhana: Nesi mkali ana roho mbaya.

Nilimuuguza mama yangu wiki mbili katika wodi ambayo glavu zilikaa stoo, maji yalikuwa mwisho wa korido na dripu zilifungiwa chumba kingine. Usiku nesi alikuwa mmoja. Akiitwa, huenda, hurudi kufuata kitu, na njiani huitwa na wengine watatu. Ikifika saa nane za usiku anajibu kwa ukali. Asubuhi, akishakabidhi zamu, alipita kitandani, akamshika mama mkono: "Bibi, ulipata usingizi hata kidogo?" Mtu yule yule.

Haraka huua huruma hata kwa waja wema. Mwaka 1973, wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa theolojia, waliopitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyejiinamia mlangoni akikohoa. Wasio na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Wenye haraka kubwa, asilimia 10. Kabati la glavu likiwekwa ndani ya wodi, nesi amerudishiwa dakika zake.

Dhana: Jengo zuri ni anasa ya matajiri.

Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011, imejengwa kwa mawe ya volkano ya hapo hapo. Vitanda vimeegemezwa ukuta mfupi wa katikati, mgonjwa akatazama dirisha na milima. Korido ziko nje, upepo unapita, hatari ya kuambukizana kifua kikuu inapungua. Hili la hewa mimi naliona kubwa kuliko mandhari: mhudumu anayeogopa kuambukizwa hakai karibu na mgonjwa, na usimlaumu. Baadaye zikajengwa nyumba za madaktari jirani na hospitali, maana daktari asiye na pa kulala vizuri hadumu kijijini.

Dhana: Pazia ni urembo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke awe na mtu wake anapojifungua. Lakini leba ikiwa wazi, kitanda kwa kitanda, dada au mama mtu huambiwa abaki nje, kwa kuwa wenzake humo ndani hawana stara. Mkunga hubaki peke yake na wanawake watano, kila mmoja akitaka kusuguliwa mgongo na kupewa maji. Waya na kitambaa vikining'inizwa kati ya vitanda, dada mtu anaingia na chupa yake ya chai.