Mtoto wa mbwa wa bure na bili zake

Mombasa paka haulizwi bei. Huja mwenyewe, akalala barazani, na kesho yake keshapewa jina. Mtoto wa mbwa naye mara nyingi hutoka kwa jirani ambaye mbwa wake amezaa. Kwa kuwa siku ya kwanza hakuna shilingi iliyotoka mfukoni, wengi tunaowapokea kliniki hawajawahi kukaa chini wakapiga hesabu. Hesabu yenyewe hufuata mambo mawili: kilo za mnyama na kalenda.

Tuanze na kilo. Paka mzima wa kilo 4 akila chakula kikavu cha dukani humaliza takriban gramu 50 hadi 60 kwa siku, yaani chini ya kilo 2 kwa mwezi. Mbwa wa kilo 30 hufikisha kilo 11 au 12. Dawa pia hupimwa kwa uzito: vidonge vingi vya minyoo ya mbwa ni kimoja kwa kila kilo 10, na dawa ya usingizi wakati wa upasuaji ni vivyo hivyo. Anayetaka mbwa mkubwa wa kulinda geti basi azidishe kila kitu. Kupika nyumbani kunapunguza gharama, lakini ugali mtupu haumtoshi mbwa, na paka hawezi kuishi bila nyama au samaki. Makombo ya pilau msiwape. Vitunguu huharibu damu ya mbwa na paka.

Kalenda hubana zaidi miezi minne ya mwanzo. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Kichaa cha mbwa huchanjwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka, na paka pia wamo. Kampeni za chanjo ya bure hufanywa mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ila usimwache mnyama bila chanjo ukingoja kampeni. Dawa ya minyoo, kwa mnyama mzima, ni kila miezi 3.

Halafu kuna kupe, na hapa Pwani ndipo bajeti nyingi huvunjika. Kupe wa kahawia wa mbwa anapenda joto na hukaa ndani ya nyumba: kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya mlango, chini ya kitanda cha mbwa. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Hatuna msimu wa baridi wa kumzuia, kwa hiyo dawa ya kupe ni gharama ya kila mwezi, Januari hadi Desemba. Mpekue mbwa ndani ya sikio na katikati ya vidole. Akikosa hamu ya kula, akawa na homa na ufizi umepauka, huenda kupe wamemwambukiza ugonjwa wa damu, na matibabu yake yanazidi mbali bei ya kinga.

Wengine hubana matumizi kwa kumpaka paka dawa ya kupe ya mbwa. Nyingi zina permethrini, nayo huua paka. Panadol vilevile: hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kufunga kizazi watu hukuona ni anasa, mimi naona ni akiba. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu, na huzaa baada ya miezi 2 hivi. Upasuaji hulipiwa mara moja. Watoto wa paka huja na minyoo yao, chanjo zao na matumbo yao, tena na tena.

Tenga pia pesa ya dharura, kidogo kidogo kila mwezi, kwenye M-Pesa au chamani. Mtoto wa mbwa mwenye parvo anaweza kuhitaji dripu siku kadhaa mfululizo. Ulizia bei kwenye kliniki mbili au tatu kabla mnyama hajaja, ukimtajia daktari uzito wake atakapokomaa.

Na mkisafiri bara Desemba, anayebaki na mbwa aachiwe chakula, dawa ya kupe ya mwezi huo, kadi ya chanjo na nauli ya kumfikisha kliniki.