Uwajibikaji ni nini, na kwa nini humlemea zaidi anayeuliza

Mtu akikabidhiwa mamlaka, fedha au kazi ya watu, anadaiwa maelezo. Aeleze alichofanya, alichotumia na alichoacha kufanya, na ikiwa maelezo hayatoshi akubali kurekebisha au kuondoka. Huo ndio uwajibikaji. Katiba ya Kenya ya 2010 imeutaja katika Kifungu cha 10, miongoni mwa maadili ya kitaifa, pamoja na uadilifu na uwazi. Hapa Lamu utalisikia neno hili Mkunguni mbele ya ngome kila msimu wa siasa, na utalisikia barazani jioni watu wanapozungumzia basari, zahanati na vyeti vya ardhi. Ila wengi wetu tunalitumia kwa maana ya adhabu. Tukisema fulani awajibishwe, tunataka afutwe kazi au apelekwe kortini. Adhabu imo, lakini inakuja mwisho kabisa, na mara nyingi haifiki kwa sababu hatua za mwanzo zilirukwa.

Hatua ya kwanza ni kujua. Huwezi kumuuliza mtu hesabu ya fedha ambazo hujui kama zilitoka. Ya pili ni jibu lenyewe, mbele ya watu waliodhurika au waliochangia. Ya tatu ni kutengeneza kilichoharibika. Kujiuzulu peke yake hakutimizi hizi zote. Majirani zetu wa Tanzania wana mfano unaokumbukwa hadi leo: katika miaka ya 1970, Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu baada ya watu kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu, lakini waliofanya walikuwa chini yake, na alikubali kwamba jambo hilo linamfikia. Nauheshimu sana mfano ule, na natamani tungeuona zaidi upande wetu wa mpaka. Hata hivyo, mjane wa aliyeuawa hahitaji barua ya waziri tu. Anahitaji kuambiwa mumewe alikufaje, kwa amri ya nani, na watoto wake watasomeshwa na nani.

Haki na uwajibikaji hutajwa pamoja kama ndugu wawili, na watu huchukulia kwamba ukipata moja umepata na nyingine. Kesi ya bandari ya Lamu inaonyesha sivyo. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja kuzindua mradi wa LAPSSET, yaani bandari ya Lamu pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta la kuziunganisha nchi hizo. Mwaka huohuo baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani. Hawakuwa wakiyapinga maendeleo, ingawa ndivyo walivyosemwa. Walikuwa wakiuliza: mikoko ikikatwa na bahari ikichimbwa, wavuvi wataenda wapi, na mbona hawakuulizwa?

Uamuzi ulitolewa na Mahakama Kuu ya Malindi tarehe 30 Aprili 2018. Mahakama ilikubali kwamba haki za watu wa Lamu zilikiukwa: haki ya mazingira safi, haki ya kupata habari, haki ya utamaduni na riziki yao. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Kwa mtu wa kawaida, hapo kesi imekwisha na haki imepatikana. Lakini tarehe 20 Mei 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipofungua gati la kwanza na meli ikatia nanga, wavuvi bado walikuwa wakiisubiri fidia hiyo. Kulikuwa na rufaa, kulikuwa na mazungumzo, kisha kukawa na makubaliano nje ya mahakama kwamba sehemu kubwa ilipwe taslimu na iliyobaki kwa vifaa vya uvuvi na miradi. Kila hatua ilikuja na maswali yake. Nani ameingia kwenye orodha? Mbona yule hajawahi kushika mshipi na jina lake limo? Mzee aliyefariki wakati wa kungoja, haki yake inakwenda kwa nani?

Hukumu ya mahakama ilikuwa haki iliyoandikwa. Uwajibikaji ungekuwa mtu mmoja mwenye cheo kuja Pate, Faza, Kizingitini na Matondoni, kukaa kitako na wavuvi, na kusema: orodha ni hii, fedha zimekwama pahala fulani kwa sababu fulani, na zikichelewa tena mtanishika mimi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekosekana kwa miaka mingi.

Mfano wa pili ulikwenda vizuri zaidi, na naupenda kwa sababu unaonyesha maana ya kushirikishwa. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, na mwaka 2016 ikapata leseni ya mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Vikao vya wananchi vilikuwa vimefanyika. Watu walikuja, wakasaini karatasi ya mahudhurio, wakasikiliza. Walioupinga mradi, wakiwemo muungano wa Save Lamu, walikwenda mbele ya jopo la rufaa za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba vikao vile vilikuwa vya kuutambulisha mradi. Uchunguzi wa athari ulipokamilika, na habari za moshi, majivu na maji ya moto kuingia baharini zikawa zimejulikana, watu hawakurudiwa kuelezwa na kuulizwa inavyotakiwa. Mtu hawezi kuridhia jambo ambalo hajaonyeshwa. Tangu hapo, mkubwa yeyote akiniambia wananchi walishirikishwa, huuliza walishirikishwa lini, na walipewa karatasi gani mkononi.

Sasa nije kwenye lile linalonigusa zaidi, nalo halimo kwenye sheria.

Lamu ni mji mdogo. Unayetaka kumuuliza hesabu si afisa asiye na sura anayekaa Nairobi. Ni mjomba wa mkeo. Ni mtu aliyekusomesha Kurani chuoni ulipokuwa mdogo. Mtaswali naye safu moja Ijumaa, na ukifiwa yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kushika jeneza. Juu ya hayo tumelelewa kwenye stara: aibu ya mwenzio hufunikwa, haitandazwi uani. Funika kombe mwanaharamu apite. Malezi haya yana thamani yake, na sitaki yaondoke. Mji ambao kila mtu anaanika aibu za jirani hauishiki.

Lakini stara imetumika pahala pasipo pake. Mtu akikosea nafsi yake, nyumbani kwake, msitiri. Akitumia fedha za zahanati na mama mjamzito wa Kiwayu akakosa boti ya kumvusha usiku, hilo halikuwa lake kulificha wala si letu kumfichia, kwa sababu mwenye kudhurika ni mwingine na hakutoa ruhusa. Wenye elimu ya dini wanaijua tofauti hii vizuri kuliko mimi. Mali ya watu ni amana, na amana huulizwa. Hadithi ya Mtume kwamba kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga inasomwa kwenye mimbari zetu mara kwa mara. Tunaisikiliza kwa unyenyekevu, tukitoka msikitini tunanyamaza kikaoni.

Chukua kikao cha wavuvi cha kawaida. Mwenyekiti amesoma ripoti kwa dakika tano: ushuru wa kilo ulikusanywa, friza ilitengenezwa, mashine ya boti ya doria ilinunuliwa, alhamdulillahi. Watu wanataka kwenda zao kabla maji hayajajaa. Kijana mmoja anainua mkono na kuomba kuona risiti ya mashine. Kunakuwa kimya. Mwenyekiti anasema, "Mwanangu, mimi nimeanza kuvua babako hajaoa. Leo waniita mwizi?" Na kijana, kama ana bahati na ana moyo, anajibu, "Ami, sikukuita hivyo. Nimeuliza risiti." Hapo kinachofuata kinategemea watu waliobaki. Wakicheka, au wakimwambia kijana akae chini aache utovu wa adabu, basi kikao kijacho hatauliza yeye wala mwingine. Lakini mzee mmoja tu akisema, "Kijana hakutukana, aonyeshwe," hali inabadilika. Daftari linaletwa. Pengine risiti ipo na mwenyekiti alikuwa mwaminifu muda wote, na sasa ana ushahidi mbele ya watu, jambo ambalo ni heri kwake pia.

Huo ndio ujasiri wa kimaadili: kusema au kutenda lililo sawa huku ukijua litakugharimu, na bila ya kumchukia unayemkabili. Unatofautiana na ukali wa maneno. Yule anayetukana viongozi kwenye simu kwa jina la kubuni hajafika hapo, hata kama anayosema ni kweli. Na unatofautiana na ushujaa wa baharini, ambao tunao tele. Nawajua manahodha waliovuka bahari kwa upepo ambao wengine wangefunga tanga, na wakiwa kwenye kikao cha hesabu hutazama miguu yao. Siwalaumu. Bahari haikununii mwaka mzima.

Wapo waliolipa zaidi ya kununiwa. Ripoti ya Human Rights Watch na muungano wa kitaifa wa watetezi wa haki za binadamu, iliyotolewa Desemba 2018, ilieleza vitisho, kupigwa na kukamatwa ovyo kwa wanaharakati wasiopungua 35 wa hapa Lamu waliokuwa wakihoji bandari, makaa ya mawe na miradi mingine ya LAPSSET. Hawa ni watu waliouliza maswali ambayo baadaye mahakama na jopo waliyaona kuwa ya haki. Sikumbuki kusikia hotuba yoyote ya serikali ikiwaomba radhi.

Na ujasiri wa anayeuliza hautoshi ikiwa anayepokea swali halazimiki kufanya chochote. Malindi wanalijua hili kwa uchungu. Aprili 2023 miili ya waumini wa kanisa moja ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, na idadi ikapanda hadi kupita 400, ilijulikana kwamba mchungaji anayehusishwa na vifo vile alikuwa ameshafikishwa mahakamani miaka ya nyuma, na kwamba ripoti za kuonya ziliwafikia wakuu kabla ya maafa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilizilaumu idara za usalama za Malindi kwa uzembe wa kutotimiza kazi yao. Walioonya walikuwa wamefanya sehemu yao. Upande wa pili wa meza ndio uliokuwa mtupu.

Ndiyo maana sheria inayomlazimisha mkubwa kujibu ina uzito. Kenya tunayo, na watu wachache mno wa visiwani wanaitumia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kiswahili chetu hiki kinatosha. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa ndiye anayepaswa kuliandika. Haki yako haitegemei sababu uliyoitoa, wala hulipishwi kwa kuwasilisha ombi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza siku 14 ikiwa habari ni nyingi. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali.

Kwa mambo yetu ya hapa, ningeanza na maombi madogo. Orodha ya waliopewa basari katika wadi na kiasi alichopata kila mmoja. Mkataba wa gati lililojengwa kijijini: nani mkandarasi, bei gani, lilitakiwa kumalizika lini. Kumbukumbu za kikao ambacho unaambiwa ulishirikishwa. Andika barua moja, isainiwe na watu kumi badala ya mmoja, tena wakiwemo wazee na akina mama, ili asipatikane wa kunyoshewa kidole peke yake. Omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, uandikwe tarehe. Kisha hesabu siku 21.